Kupanga kanuni za faiwoli: ipi itangulie, ipi ifuate

Kwenye faiwoli, yule mlinzi anayechuja mawasiliano ya mtandao, umeandika kanuni ya kufungua poti 443, mlango wa tovuti salama. Umeikagua mara mbili: anwani ni sahihi, itifaki (lugha ya mawasiliano) ni TCP, neno la kuruhusu lipo. Unafungua ukurasa, kimya. Unaifuta na kuiandika upya herufi kwa herufi, kimya vilevile. Kabla hujaanza kuilaumu seva, orodhesha kanuni zote utazame yako imekaa mstari wa ngapi. Mara nyingi utaikuta mstari wa 14, na huko juu, mstari wa 9, kuna kanuni isemayo: kisichotajwa mpaka hapa, tupa. Pakiti zako, vipande vya data vinavyosafiri mtandaoni, zinaishia mstari wa 9. Huo wa 14 hazijawahi kuuona.

Kosa hili nimekutana nalo kuliko makosa yote ya kuandika kanuni vibaya, na mimi mwenyewe nimelifanya zaidi ya mara moja. Kanuni ya faiwoli huwezi kuielewa ukiisoma peke yake. Lazima usome na zilizoitangulia. Kwa hiyo hapa tutaanza na mpangilio, amri zitafuata. Mifano mingi nimeichukua kwenye iptables, programu ya kuandika kanuni za faiwoli ya Linux, kwa kuwa haifichi kitu, lakini nitagusa na nyingine pale zinapoachana nayo, maana ndipo wengi wanapoumia.

Kwanza, jua faiwoli yako inasomaje

Nyingi husoma kutoka juu kwenda chini, na kanuni ya kwanza inayolingana na pakiti ndiyo inayotoa hukumu. Zilizobaki hazisomwi tena. Ndivyo zinavyofanya iptables, orodha za ruhusa kwenye ruta za Cisco, na ruta za MikroTik. Ukizoea hizo tu, utadhani dunia nzima iko hivyo. Haiko hivyo.

pf, faiwoli iliyoingia kwenye mfumo wa OpenBSD mwaka 2001, inakwenda kinyume: inasoma orodha mpaka mwisho, na kanuni ya mwisho inayolingana ndiyo inayoshinda, isipokuwa umeweka neno `quick` kwenye kanuni. Hilo neno linamaanisha "ikilingana hapa, usiendelee". Watu wengi wa pf huliweka karibu kila mstari, na siwalaumu.

Kwenye huduma za wingu utakutana na namba za kipaumbele. Azure inakupa namba kuanzia 100 hadi 4096, na namba ndogo ndiyo inayotangulia. Google Cloud inatumia 0 hadi 65535, ndogo ikitangulia pia. Usipotaja namba inakuwekea 1000, na kanuni mbili zenye namba moja zikigongana, ya kukataa inaishinda ya kuruhusu. AWS ina vitu viwili ambavyo watu huvichanganya kila siku. Makundi ya usalama yanayofungwa kwenye seva hayana mpangilio kabisa wala hayana kanuni ya kukataa: yote ni ruhusa, na yakijumlishwa ndiyo jibu. Orodha za ruhusa za mtandao ndizo zenye namba, na husomwa kuanzia ndogo.

Windows nayo ina yake. Pale kanuni ya kuzuia inaishinda ya kuruhusu zinapogongana, hata uziorodheshe vipi. Mtu aliyetoka kwenye Linux ataandika "zuia wote poti 3389" (poti ya kuiendesha Windows kutoka mbali), kisha "ruhusu kompyuta yangu poti 3389", halafu ashangae amejifungia nje. Dawa yake ni kutoandika ile ya kwanza. Msimamo wa msingi wa Windows, yaani hukumu pale ambapo hakuna kanuni inayolingana, kwa mawasiliano yanayoingia ni kuzuia. Wewe andika ruhusa peke yake, na uibane kwa anwani ya kompyuta yako.

nftables, mrithi wa iptables iliyoingia kwenye kiini cha Linux toleo 3.13 mwaka 2014, ina mtego wa aina yake. Kila mnyororo wa msingi (orodha ya kanuni inayofungwa kwenye hatua fulani ya safari ya pakiti) una namba ya kipaumbele, ndogo kwanza, na hasi inakubalika. Ukiruhusu pakiti kwenye mnyororo mmoja, hujamaliza: itaendelea hadi mnyororo unaofuata wa hatua ileile, na huko inaweza kutupwa. Ila ukiitupa, imetupwa. Kwa maneno mengine, ruhusa ni ya chumba kimoja, kukataliwa ni kwa nyumba nzima. Kama mashine yako ina programu mbili zinazoandika kanuni za nftables kila moja kivyake, kumbuka hilo siku utakapoona ruhusa haifanyi kazi.

Pili, andika kwenye karatasi kabla ya kugusa kibodi

Andika safu tano: nani, kutoka wapi, kwenda poti gani, itifaki gani, na kwa nini. Tuseme una seva moja yenye tovuti na hifadhidata ya PostgreSQL. Tovuti ni ya watu wote, kwa hiyo TCP 80 na 443 kutoka popote. SSH, njia ya kuiamuru seva ukiwa mbali, TCP 22, ni ya wasimamizi tu, wanaotoka 192.0.2.0/24. Hifadhidata, TCP 5432, inahitajika na seva nyingine moja tu, 198.51.100.20. Na kuna mtandao unaokusumbua, 203.0.113.0/24, unaotaka usikufikie kabisa. (Alama ya /24 ina maana anwani zote zinazoanza na namba tatu hizo. Anwani hizi zimetengwa kwa ajili ya mifano, weka zako.)

Safu ya "kwa nini" ndiyo watu huiruka, na ndiyo utakayoililia baadaye. Mwaka mmoja ukipita, kanuni isiyo na sababu inageuka kaburi lisilo na jina: hakuna anayejua la nani, na hakuna anayethubutu kulifukua. iptables inakuruhusu kuandika sababu ndani ya kanuni yenyewe kwa `-m comment --comment`. Itumie.

Tatu, hakikisha una njia ya kurudi

Nilikuwa nasafisha kanuni za seva iliyokuwa mbali, kwa SSH, usiku. Msimamo wa msingi wa INPUT, mnyororo wa pakiti zinazoingia kwenye mashine, ulikuwa DROP, yaani tupa. Nikasema nianze upya, nikaandika `iptables -F` ili kufuta kanuni zote. Herufi nilizofuatisha hazikutokea kwenye skrini. Amri ile inafuta kanuni lakini haigusi msimamo wa msingi, kwa hiyo nilifuta ruhusa zote, pamoja na iliyokuwa inanishikilia mimi, nikaacha katazo peke yake. Nilikuwa nimefunga mlango na ufunguo nimeuacha ndani. Fimbo ya mbali haiui nyoka: ilibidi nimwamshe mtu akakae mbele ya mashine yenyewe.

Tangu hapo sigusi faiwoli ya mbali bila kufanya hivi kwanza:

`iptables-save > /root/kanuni-za-zamani.txt`
`echo "iptables-restore < /root/kanuni-za-zamani.txt" | at now + 10 minutes`

Mstari wa kwanza unahifadhi kanuni pamoja na misimamo ya msingi. Wa pili unaiagiza seva irudishe kila kitu baada ya dakika 10, hata kama wewe umeshatupwa nje. Mambo yakienda vizuri, unaifuta kazi hiyo kwa `atrm` kabla muda haujafika. Kwenye Cisco watu hutumia `reload in 10` kabla ya kuhifadhi mabadiliko. MikroTik ina hali salama inayofuta mabadiliko yote muunganisho wako ukikatika. Na fungua dirisha la pili la SSH ulijaribu kabla hujafunga la kwanza, maana la kwanza linaweza kuendelea kuishi kwa huruma ya muunganisho wa zamani tu.

Nne, panga

Huu ndio mpangilio ninaoutumia karibu kila mahali (ACCEPT ni ruhusu, DROP ni tupa, LOG ni andika tu bila kuhukumu):

`iptables -A INPUT -i lo -j ACCEPT`
`iptables -A INPUT -m conntrack --ctstate ESTABLISHED,RELATED -j ACCEPT`
`iptables -A INPUT -m conntrack --ctstate INVALID -j DROP`
`iptables -A INPUT -s 203.0.113.0/24 -j DROP`
`iptables -A INPUT -p icmp -j ACCEPT`
`iptables -A INPUT -p tcp -s 192.0.2.0/24 --dport 22 -j ACCEPT`
`iptables -A INPUT -p tcp -s 198.51.100.20 --dport 5432 -j ACCEPT`
`iptables -A INPUT -p tcp -m multiport --dports 80,443 -j ACCEPT`
`iptables -A INPUT -m limit --limit 5/min -j LOG --log-prefix "IMETUPWA: "`
`iptables -P INPUT DROP`

Wa kwanza unaruhusu mashine kuzungumza na nafsi yake. Usipouweka, programu mbili za seva moja zinazowasiliana kupitia 127.0.0.1 zitashindwa kuonana, nawe utaitafuta hitilafu kwenye programu.

Wa pili ndio unaobeba mzigo. Faiwoli inakumbuka miunganisho iliyokwisha kuruhusiwa, kwa hiyo ni pakiti ya kwanza tu ya kila muunganisho inayopimwa kwa kanuni za chini. Zilizobaki zinapita hapa juu bila kuulizwa tena. Ndiyo maana unakaa juu: pakiti nyingi zinamalizika mstari wa 2, na seva haichoki bure. Pia ndio unaoruhusu majibu kurudi pale seva yako inapouliza kitu nje.

Lakini mstari huohuo una madhara ambayo hayakumbukwi mpaka siku ya shari. Tuseme mtu wa 203.0.113.7 yuko ndani sasa hivi, anavuta data, nawe unaongeza kanuni ya kumzuia kwenye mstari wa 4. Unasubiri akatike. Hakatiki. Pakiti zake ni za muunganisho wa zamani, zinaruhusiwa mstari wa 2, hazifiki wa 4. Kanuni yako itamzuia atakapojaribu kuanza upya, si sasa. Ukitaka aondoke sasa, futa kumbukumbu ya muunganisho wake: `conntrack -D -s 203.0.113.7`. Pakiti yake inayofuata itahesabiwa kuwa mpya, itashuka hadi mstari wa 4, na hapo imekwisha.

Faiwoli zisizo na kumbukumbu, kama zile orodha za ruhusa za mtandao za AWS, hazina mstari wa aina hiyo. Huko lazima uruhusu safari zote mbili, ya kwenda na ya kurudi, na ya kurudi hutua kwenye poti kubwa za muda ambazo mteja hujichagulia. Linux kwa kawaida hutumia 32768 hadi 60999, lakini kwa kuwa hujui mteja anatumia nini, hufunguliwa 1024 hadi 65535.

ICMP, itifaki ya ujumbe wa hitilafu na uchunguzi wa mtandao, wengi huifunga yote kwa kuogopa kuchunguzwa. Msifanye hivyo. Humo ndimo mnamopita ujumbe unaomwambia mtumaji kwamba pakiti yake ni kubwa kuliko njia. Ukiufunga, utapata hitilafu ya kutia wazimu: muunganisho unafunguka, ukurasa mdogo unakuja, mkubwa unaganda katikati. Kwa IPv6, mfumo mpya wa anwani za mtandao, ni hatari zaidi, kwa sababu mashine za mtandao mmoja hutafutana kwa ICMPv6. Ifunge, na IPv6 yako imekufa. Na tukiwa hapo hapo: kanuni zote za juu hazigusi IPv6 hata kidogo. Kuna `ip6tables` yake. Nimeona seva zimefungwa kama gereza upande mmoja, upande wa IPv6 ziko wazi kabisa.

Baada ya hapo sheria ni kwamba mahususi hutangulia ya jumla. Ukitaka kuuzuia mtandao wote wa 203.0.113.0/24 isipokuwa 203.0.113.40 ambaye ni mshirika wako, ruhusa ya huyo mmoja ikae juu ya katazo. Ukizigeuza, ruhusa yake inakuwa kanuni iliyofunikwa: ipo, inasomeka vizuri, haijawahi kufikiwa na pakiti hata moja. Kinachochosha ni kwamba programu haikupigii kelele.

Tano, kuongeza kanuni baadaye

Hapa ndipo mstari wa 14 unapozaliwa. `-A` huweka kanuni mwisho wa orodha. Ikiwa orodha yako inaishia na kanuni ya kutupa vyote, umeongeza mstari chini ya kaburi. `-I INPUT 6` huiingiza nafasi ya 6 na kuzisukuma nyingine chini. Ndiyo sababu mimi napenda katazo la mwisho liwe msimamo wa msingi, `-P`, badala ya kanuni: msimamo haukai kwenye orodha, kwa hiyo hauwezi kuitangulia ruhusa yako kimakosa. Ila una ule ubaya wa `-F` niliousimulia. Chagua ubaya unaoweza kuukumbuka.

Kwa anayetumia ufw, programu rahisi ya kuandika kanuni hizi kwenye Ubuntu, `ufw status numbered` inakuonyesha namba, na `ufw insert 1` inaweka juu. Kwenye Cisco kanuni hupewa namba 10, 20, 30, ili ukitaka kuchomeka kitu katikati uandike 15; mwishoni kuna katazo lisiloonekana ambalo hukuliandika wewe. Kwenye Azure jiachie nafasi vilevile. Anayeanza na 100, 101, 102 atakuja kupanga upya zote siku ya dharura.

Kuhusu kutupa na kukataa: ukitupa, mtumaji hapati jibu, anasubiri mpaka achoke, ukikataa, anajibiwa papo hapo. Kwa nje natupa. Kwa mtandao wa ndani nakataa, maana wenzako wakikosea poti ni bora wajue mara moja kuliko kukaa dakika nzima wakidhani seva imelala.

Sita, pale anwani inapobadilishwa njiani

Kama mashine yako ndiyo ruta, na poti 8443 ya nje inaelekezwa 10.0.0.5 poti 443, kanuni ya kuruhusu itaandikwa kwa anwani ipi? Kwenye Linux jibu ni ya ndani. Ubadilishaji wa anwani ya mwisho wa safari hufanyika kabla ya kuchujwa, kwa hiyo pakiti inapofika FORWARD, mnyororo wa pakiti zinazopita tu kwenda mashine nyingine, hakuna tena 8443, kuna 10.0.0.5 na 443. Ukiandika 8443 hapo, kaunta yake (hesabu ya pakiti ilizozikamata) itabaki sifuri milele.

Docker, inayoendesha programu ndani ya makontena yaliyotengwa, inaishi hukohuko. Poti ya kontena uliyoitangaza haipiti INPUT, inapita FORWARD, kwa hiyo ufw inaweza kukuambia 5432 imefungwa wakati dunia nzima inaifikia. Kanuni za kuzuia ziweke kwenye mnyororo wa `DOCKER-USER`, au kama hifadhidata inahitajika ndani ya mashine tu, itangaze kwa `127.0.0.1:5432:5432`. Hii ya pili ndiyo ninayoipendekeza, kwa kuwa haihitaji kumbukumbu ya mtu.

Saba, jaribu ukiwa nje

Kujaribu kutoka kwenye seva yenyewe hakukuambii kitu. Utapita mstari wa `lo`. Nenda mashine nyingine, andika `nc -zv` na anwani na poti. Ikifunguka, vizuri. Ikikataliwa papo hapo, ama kuna kanuni ya kukataa, ama pakiti imepita lakini hakuna programu inayosikiliza poti hiyo. Ikining'inia mpaka muda unakwisha, inatupwa mahali fulani.

Mahali gani? Rudi kwenye seva:

`iptables -L INPUT -v -n --line-numbers`

Safu ya kwanza baada ya namba ya mstari ni idadi ya pakiti zilizokamatwa na kila kanuni. Isome, jaribu tena kutoka nje, isome mara ya pili. Mstari ulioongezeka ndio uliotoa hukumu, isipokuwa wa LOG, ambao huandika tu. Kama hakuna ulioongezeka, wala msimamo wa msingi, pakiti haikufika INPUT: washa `tcpdump -ni any tcp port 443`, ambayo huona pakiti zinazoingia kabla ya kanuni hizi kuzigusa. Ukiona ombi lilelile likijirudia bila jibu, na kaunta ya kutupa inapanda, mtupaji uko naye hapo. Usipoona chochote, tatizo liko njiani au kwenye faiwoli ya wingu iliyo mbele ya mashine, na unaweza kuziacha kanuni zako kwa amani.

Nane, hifadhi

Kanuni za iptables ziko kwenye kumbukumbu ya mashine tu, ikizimwa, zimepotea. Kwenye Debian na Ubuntu weka kifurushi cha `iptables-persistent` kisha `netfilter-persistent save`. Wa firewalld, programu nyingine ya kusimamia faiwoli ya Linux, wana mtihani wao: ukiandika `--permanent` kanuni inahifadhiwa lakini haianzi kazi mpaka `--reload`, usipoiandika inaanza sasa na kufa mashine ikiwashwa upya. Hakikisha umeifuta ile kazi ya `at`, la sivyo baada ya dakika chache utarudi ulikotoka.

Kila baada ya miezi michache naangalia kaunta upya. Kanuni yenye sifuri siifuti papo hapo; huenda ni ya kazi ya kuhamisha nakala inayofanyika mara moja kwa mwaka, na hapo ndipo maelezo ya "kwa nini" yanapolipa. Nikiwa na shaka, naiwekea juu yake kanuni ya LOG yenye masharti yaleyale, naiacha miezi kadhaa. Kumbuka tu kwamba kaunta huanza upya mashine ikiwashwa, kwa hiyo kabla hujasoma sifuri kama ushahidi, andika `uptime` uone seva imekuwa macho kwa siku ngapi.